Mwenza wa Muda

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Chamani walimwita Moja Mbili, kwa kuwa katika kila mkutano wa hadhara yeye ndiye aliyetangulia kupanda jukwaani, uwanja ukiwa bado mtupu, akagonga maiki kwa ukucha na kusema "moja mbili, moja mbili" mpaka spika za mwisho kabisa zikamwitikia. Cheo chake kilikuwa mratibu wa mikutano. Ukivua hayo maneno makubwa, kazi yenyewe ilikuwa viti, turubai, jenereta na chupa za maji za wakubwa. Zamani alikuwa mwalimu wa jiografia, shahada yake aliisotea kwa masomo ya jioni, na tangu aingie chamani hakuwahi kuhama, hata kwa kutishia tu. Watu wa aina hiyo katika chama kile walikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Ndiyo maana Mwenyekiti akamkumbuka.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya kurudisha fomu za urais, na Mwenyekiti, ambaye ndiye mgombea, hakuwa na mgombea mwenza. Si kwamba hakumjua amtakaye. Alimtaka Daktari, kiongozi wa chama kingine, mtu mwenye kura zake mwenyewe nyuma yake, lakini Daktari alikuwa bado anavuta kamba: anataka wizara hii, anataka na ile, anataka aandikiwe. Tume ya Uchaguzi nayo haikuwa na mchezo, fomu isiyo na majina mawili haipokelewi. Kilichobaki ni upenyo mdogo wa sheria, kwamba mwenza anaweza kubadilishwa kabla karatasi za kura hazijachapwa, ilimradi yule aliyeandikwa aende kwa miguu yake mwenyewe akajitoe. Basi akahitajika mtu wa kukaa, na wa kunyanyuka akiambiwa.

Moja Mbili aliitwa akiwa stoo anakunja nyaya. Akaingia ofisini mikono ina vumbi, akasimama karibu na mlango kama alivyozoea. Mle ndani alikuwamo Mwenyekiti na msaidizi wake, kijana wa miwani ambaye simu haikumtoka sikioni. Mwenyekiti akamwonyesha kiti, jambo ambalo halikuwa kawaida, akamweleza yote bila kuzunguka.

"Hatukupi," Mwenyekiti akasema. "Tunakushikisha. Daktari akiwa tayari, wewe unanyanyuka, yeye anakaa. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Mwenyekiti akaongeza kwamba siri isitoke, hata mama watoto asiambiwe, maana Daktari akisikia kiti kinamsubiri atazidi kuringa. Moja Mbili akasema mzee asiwe na wasiwasi. Alikubali haraka mno, na uongo dhambi, hakukubali kwa ajili ya chama peke yake.

Mtu huyu alikuwa na kidonda. Kaka yake mkubwa alikuwa fundi makochi, mwenye karakana yake nyuma ya soko, na ndiye aliyemsomesha tangu shule ya msingi. Siku walipomzika baba yao, Moja Mbili alifika watu wameshaanza kutawanyika, kwa sababu kulikuwa na mkutano na jenereta lilikuwa limegoma. Kaka hakungoja wafike nyumbani. Palepale makaburini, mbele ya wajomba, mashangazi na wakwe, akamwambia kwamba mtu mzima na akili zake anawabebea wenzake viti mpaka baba yake anazikwa na majirani. Hakuna aliyemtetea. Na angejitetea vipi, wakati kila neno lilikuwa la kweli? Tangu siku hiyo akaapa hatakanyaga kwa kaka yake, na miaka ikapita salamu zikiwa zinapitia kwa wake zao.

Sasa mtu mwenye donge la namna hiyo mwambie kwamba jina lake litasomwa kwenye taarifa ya habari pamoja na la mgombea urais. Atakataa?

Lilisomwa mchana. Mke wake alikuwa anapiga pasi, akaisahau juu ya shuka mpaka likatoboka. Alilia, akacheka, akamshika mabega akamtikisa, kisha akamuuliza imekuwaje hakumnong'oneza hata yeye. Moja Mbili akajibu kwamba mambo ya uongozi yana siri zake. Mke akaikubali hiyo, akatoka nje na simu mkononi kuwapigia dada zake, na sauti yake ya furaha ikasikika mpaka kwa jirani. Mume alibaki sebuleni anaangalia lile tundu kwenye shuka. Ingekuwa rahisi kumwita arudi amwambie. Hakumwita.

Jioni ile ile likaja gari jeusi na dereva wake, na askari wawili wa ulinzi wenye redio za mkononi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu na baraza jembamba, mtu akiegesha baiskeli wengine wanapita ubavu. Askari mmoja akasimama kwenye geti la mabati, mwingine akapewa kiti barazani, na Moja Mbili mwenyewe akapewa redio ya tatu ya kuwasiliana nao akiwa ndani. Wakamfundisha kitufe cha kubonyeza. Yeye na vyombo vya sauti wanajuana, lakini aliwaacha wamfundishe.

Majirani waliokuwa wakimwita Moja Mbili kutoka ng'ambo ya barabara wakaanza kumwita Mheshimiwa. Mwenye duka akawa anamhudumia mke wake kabla ya wote waliotangulia. Binamu ambao walikuwa hawapokei simu zake wakawa wanapiga wenyewe, tena wanaanza kwa kuulizia afya.

Mwanzoni aliona haya kweli. Watu wakimpongeza anaangalia chini, nao wanasemezana, mwoneni, hana makuu yule. Lakini jamani, mwanadamu anazoea. Haikuchukua muda akawa anasubiri afunguliwe mlango wa gari. Akajifunza kupunga mkono kwa vidole viwili. Akaanza kuwaambia watu "tutaliangalia hilo", watu wanaotaka kisima, wanaotaka kazi ya mtoto, na hakuwa na mahali popote pa kuliangalia. Na asubuhi, akiwa ananyoa ndevu mbele ya kioo, likamjia swali: na Daktari akikataa moja kwa moja, je? Lilikuwa swali tamu. Akawa analirudia kila aliponyoa, na akawa ananyoa kila siku.

Ndipo kaka yake akaja.

Ilikuwa asubuhi, watu wenye shida zao wamejipanga nje ya geti, Moja Mbili yuko sebuleni na gazeti ambalo tayari alikuwa amelisoma. Redio ikakoroma. Askari wa getini akasema kuna mzee pale anasema ni kaka wa Mheshimiwa, je, apite? Moja Mbili akasogea dirishani, akaliinua pazia kidogo. Kweli, ni yeye. Amevaa shati lililonyooshwa mpaka mistari inaonekana, viatu vimepigwa rangi, na mikono yake ya gundi imening'inia kama haina kazi. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Hakuwa ameambiwa kwamba zimekuwa nyeupe.

Muda wa kufikiri alikuwa nao, tusimsingizie haraka. Alikuwa na muda wa kusema apite, na hata wa kutoka mwenyewe mpaka getini. Badala yake akayakumbuka makaburi, akawakumbuka wajomba walivyokuwa wanaangalia pembeni, akabonyeza kitufe.

"Mpekueni kama wengine," akasema. "Na afuate foleni."

Akabaki pale pazia anaangalia. Kaka yake akanyanyua mikono juu. Askari akampapasa kwapani, kiunoni, akamtia mkono mfukoni akatoa futi ya kupimia na kipande cha chaki ya fundi, akaviweka juu ya kiti cha pale getini. Alipomaliza akageuka kuongea na mtu mwingine, na kaka, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ashushe, akabaki mikono juu, mtu mzima yule, mpaka mwanamke mmoja kwenye foleni akamgusa kiwiko. Na Moja Mbili aliona raha. Si kwamba hakuona kitu, wala si kwamba aliumia akajikaza. Aliona raha, ilimpanda mpaka kooni, akarudi kukaa na gazeti lake.

Mke wake akatoka jikoni akauliza yule nje si shemeji. Akamwambia amwache, kuna utaratibu. Mke alimtazama kidogo, akarudi jikoni, na vyombo vikasikika vinawekwa kwa nguvu kuliko kawaida.

Foleni ikasogea taratibu. Zamu ya kaka ilipofika aliingia, akavua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kochi. Kochi lenyewe ni yeye aliyelitengeneza, zawadi yao ya harusi, na mkono wake ukapita wenyewe kwenye mshono wa pembeni kuangalia kama bado umeshika. Hakuulizia gari wala uchaguzi.

"Mdogo wangu, nimekuja kwa ajili ya lile neno langu la makaburini," akasema. "Nilikosea kulisema, na nilikosea zaidi kulisema mbele za watu. Nimekaa nalo muda mrefu mno. Naomba tuyamalize."

Miaka yote ile Moja Mbili alikuwa amejiandalia la kujibu siku hii ikifika. Alikuwa na majibu makali, na alikuwa na mengine laini, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Lililomtoka halikuwamo katika hayo. Alisema "nimekusikia" kwa sauti ya jukwaani, akasema kwamba kwa sasa ratiba imembana lakini familia haiwezi kusahaulika, na kama kuna shida yoyote aiache kwa askari wa barazani, itaangaliwa.

Kaka akamtazama kwa utulivu.

"Sina shida," akasema. "Kwangu unapajua. Siku yoyote ukitaka kuja, njoo tu, usisubiri kualikwa."

Akavaa viatu vyake, akapita getini akachukua futi yake na chaki, akaondoka kwa miguu.

Haukupita muda mrefu, Mwenyekiti akaita. Moja Mbili alipofika ofisini alimkuta Daktari ameshakaa, mguu juu ya mguu, na yule msaidizi wa miwani anacheka na kila mtu. Wizara zilikuwa zimepatikana. Mwenyekiti akampa mkono, akamshukuru kwa kukitumikia chama, akamwambia gari liko tayari kumpeleka Tume.

Hapo ndipo alipofanya kituko. Alikohoa, akasema kwamba yeye alikuwa anaona, kama wazee wataona inafaa, kwamba watu wameshaanza kumzoea. Daktari ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, na msaidizi akavua miwani akajifuta macho. Mwenyekiti hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Moja Mbili," akamwambia taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa. "Si tulikubaliana?"

Na kumbukeni kwamba sheria ilikuwa upande wake. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyeweza kumnyanyua kama yeye mwenyewe hataki, wote walilijua hilo, ndiyo maana kicheko kiliisha ghafla na macho yote yakawa kwake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake wakubwa walikuwa wanamsubiri. Akanyanyuka. Wala si uaminifu uliomnyanyua, ni mazoea tu. Alikuwa ameambiwa anyanyuke, akanyanyuka.

Tume walimuuliza kama anajitoa kwa hiari yake. Akasema kwa hiari. Alipotoka nje, mlango wa gari jeusi ulikuwa unashikwa kwa ajili ya Daktari, na askari mmoja akamsogelea akamwomba ile redio, kwa adabu kabisa. Akaivua mkandani akampa. Kisha msaidizi wa Mwenyekiti akamkimbilia kumuuliza, hivi maiki za mchana zimeshakaa sawa? Maana leo ndiyo leo, Daktari anatambulishwa.

Akaenda. Mtu mwingine angekwenda kujificha, yeye akaenda uwanjani, akafunga nyaya, akapanda jukwaani. Siku hiyo watu walikuwa wamewahi, uwanja umejaa. Akagonga maiki kwa ukucha, akasema "moja mbili", na kutoka mbele kabisa mtu mmoja akaita "Mheshimiwa", basi uwanja mzima ukaangua kicheko. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ikabidi aseme tena, moja mbili, kwa kuwa spika za nyuma zilikuwa hazijaitikia.

Nyumbani alimkuta mke wake anaanika nguo, hakugeuka. Mke akamuuliza kama alikuwa anajua tangu mwanzo. Moja Mbili akasema alikuwa anajua.

"Ungeniambia mimi tu," mke akasema. "Ningejua kunyamaza. Sasa dunia nzima nimeiambia, na mimi ndiye nitakayekutana nayo kisimani na dukani."

Akaokota shati lingine kwenye beseni. Lilikuwa la mumewe, jeupe, lile la kupigia picha. Akalikung'uta, akalibana kwenye kamba, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi barabara ilikuwa haipitiki kwa macho ya watu. Waliomwita Mheshimiwa hawakujua wamwite nani, wakawa wanajifanya wana simu. Moja Mbili akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akakata vichochoro mpaka nyuma ya soko. Njiani alikuwa anapanga la kusema. Atasema amesalitiwa. Atasema aliahidiwa nafasi kwa maneno matamu, kisha wakamgeuka dakika ya mwisho, siasa ndivyo ilivyo. Kufika karakana uongo ulikuwa umeshanyooka, hauna hata kona.

Kaka yake alikuwa peke yake, kochi refu limelazwa kifudifudi juu ya meza, mbavu zake za mbao ziko nje. Alipomwona hakushangaa. Alimkaribisha, akamwonyesha kwa kidevu kitambaa kilichokuwa kinaning'inia upande wa pili, akamwomba amshikie. Moja Mbili akashika. Kaka akaanza kupiga pini, moja baada ya nyingine.

Moja Mbili akafungua mdomo aanze ule uongo wake. Kaka akamwahi, akasema asijisumbue, anajua. Kochi hili lilikuwa la msaidizi wa Mwenyekiti, yule wa miwani. Alilileta wiki ile ile majina yalipopelekwa Tume, akakaa palepale kwenye kigoda, akawa anaongea na simu, anacheka, anamsimulia mwenzake kwamba wamemweka yule mtu wa maiki awashikie kiti mpaka Daktari ashibe. Hakujua anaongea mbele ya nani.

"Kwa hiyo ulijua kabla hujaja kwangu?" Moja Mbili akauliza.

"Nilijua." Kaka akapiga pini. "Nikasema, siku watakayomnyanyua atatafuta pa kwenda. Na kwangu hawezi kuja, kwa ajili ya lile neno langu. Ndiyo nikaja kuliondoa mapema."

Kumbe mtu yule kwenye foleni, na shati lake lililonyooshwa, hakufuata ukubwa. Alifuata aibu, ili aifikie kabla haijamfikia mdogo wake. Hapo palikuwa na neno moja tu la kusema, na Moja Mbili alilijua, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Angelisema lingekwisha. Lakini aliona haya mno kulisema, na mtu mwenye haya mkono wake unashika cha karibu.

"Kaka, na siku ile getini," akasema. "Wale askari hawana adabu. Mimi wala sikujua kama walikupekua. Ningejua, ningetoka mwenyewe nikupokee."

Mashine ya pini ikanyamaza. Kaka hakuinua uso. Alipitisha kidole gumba juu ya kitambaa, akakinyoosha mahali palipokuwa pameshanyooka.

"Ile redio ya askari ilikuwa na sauti kubwa," akasema. "Tulikusikia wote pale kwenye foleni."

Machozi yakaanza kumtoka Moja Mbili bila kumwomba ruhusa, na hakuweza kuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika kitambaa. Akakishikilia hivyo hivyo. Kaka yake akajaza pini nyingine kwenye mashine, akaisogeza pembeni ya ubao.

"Vuta kidogo upande wako," akamwambia. "Usiachie."